Tazama Lango Kabla ya Kutuma Fedha: Kukodi Nyumba ya Likizo Pwani ya Kenya



Kila mwaka shule zinapofungwa mwezi Desemba, mabasi yanayotoka Juba kupitia Nimule hujaa familia. Wengine huenda kuwaona jamaa zao Adjumani, Gulu na Kampala. Wengine huendelea hadi Nairobi. Na katika miaka ya karibuni wapo wanaofika mwisho wa reli, Mombasa, ili watoto wao waione bahari kwa mara ya kwanza. Safari hiyo si ajabu tena. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, barabara ya lami ya kilomita 192 kutoka Juba hadi Nimule imekuwapo tangu 2012, na treni ya abiria kati ya Nairobi na Mombasa ilianza kazi mwaka 2017. Zaidi ya hayo, watu wetu wengi walijifunza Kiswahili kambini Kakuma au katika makazi ya Uganda, na wakifika pwani hawahitaji mkalimani.

Pamoja na safari hizo yamekuja malalamiko. Dawati letu limewasikiliza wananchi waliokodi nyumba ya likizo kwa simu, wakalipa, wakasafiri siku tatu, kisha wakakuta lango ambalo halikufunguliwa. Makala haya yanaeleza jinsi ulaghai huo unavyofanyika, jinsi ya kukodi kwa usalama, na la kufanya iwapo umekwisha kuibiwa.

Nyumba badala ya hoteli

Familia ya watu wanane au tisa haiwezi kwa urahisi kulala hotelini, kwa kuwa hoteli nyingi hutoza kwa kichwa au kwa chumba. Nyumba yenye samani hukodishwa nzima kwa siku au kwa juma. Ina jiko, ina friji, na mama anaweza kununua samaki na unga sokoni akapika mwenyewe. Kwa hesabu ya kawaida, gharama hupungua.

Desturi hii imekomaa katika miji ya pwani ya Mediterania, Italia na Hispania hasa, ambako wenye nyumba huwakodishia wageni wakati wa kiangazi. Pwani ya Afrika Mashariki nayo ina uhusiano wa zamani na watu wa bahari hiyo. Ngome ya Yesu iliyopo Mombasa, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ilichorwa na msanifu Mtaliano. Katika miaka ya 1960 Italia ilijenga kituo cha San Marco cha kurushia roketi karibu na Malindi, na Waitaliano wengi walifuata baadaye wakajenga nyumba na kuzikodisha. Leo nyumba za namna hiyo zimeenea kutoka Diani upande wa kusini, kupitia Nyali, Bamburi, Shanzu na Mtwapa, hadi Watamu na Malindi.

Nyingi ya nyumba hizo ni halali, na wenyeji wake ni watu wema. Hatuandiki ili kuwaogofya wananchi wabaki nyumbani. Tunaandika kwa sababu ya wachache wanaojificha nyuma ya wema huo.

Kisa cha lango la Nyali

Mama mmoja mfanyabiashara wa Nimule ametuidhinisha kueleza yaliyompata, bila jina. Yeye, dada yake na watoto, jumla yao watu tisa, waliweka akiba mwaka mzima katika sanduku la kuchangiana la akina mama wa soko. Waliona tangazo la nyumba ya vyumba vitatu, Nyali, yenye baraza linalotazama bahari. Bei ilikuwa karibu nusu ya nyumba nyingine za mtaa ule. Aliyejibu simu alizungumza Kiswahili fasaha na kwa adabu, akawaita “dada zangu wa Juba”. Aliomba arbuni ya nusu ya kodi. Siku nne baadaye alipiga simu kwa haraka: yupo mgeni mwingine anayeitaka nyumba hiyo kwa bei ya juu, hivyo wamalize malipo jioni hiyohiyo au nafasi iwapotee. Walimaliza.

Walisafiri. Treni ya alasiri kutoka Nairobi iliwafikisha kituo cha Miritini usiku. Teksi ikawapeleka hadi anwani waliyopewa. Nyumba ilikuwapo, na ilikuwa ileile ya pichani, hata rangi ya dari la baraza. Mlinzi alifungua kidirisha cha lango akawauliza wanamtafuta nani. Mwenye nyumba alikuwa ndani na mke wake na watoto wake. Hajawahi kuikodisha kwa mtu yeyote. Simu ya yule mtu wa “dada zangu” ilikuwa imezimwa.

Mlinzi yule, mzee wa makamo, aliwapa benchi lake, akawachemshia watoto chai, akawatafutia nyumba ya wageni ya bei nafuu karibu na kituo cha matatu. Walilala watu tisa katika vyumba viwili. Asubuhi walikwenda ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, kule Bamburi, kwa saa chache, kisha wakaanza kurudi kwa kuwa nauli ndiyo iliyobaki. Binti mdogo alijaza maji ya chumvi katika chupa. Chupa hiyo ipo Nimule hadi leo.

Mambo mawili katika kisa hiki yanatuhusu sote. La kwanza ni kwamba mama huyu ana mpwa wake anayesoma chuo Mombasa, na makazi yake yako nusu saa kwa matatu kutoka lango lile. Hakuulizwa. “Hatukutaka kumsumbua,” alituambia mama, “na tulitaka tumshtukize.” La pili ni kwamba aliporudi, alipeleka malalamiko katika kituo kimoja cha polisi upande wetu wa mpaka, akajibiwa kwamba kosa limetendeka nchi ya watu na si kazi yetu. Jibu hilo halikuwa sahihi, na tunalitaja hapa bila kificho ili lisirudiwe. Tutalifikia mwishoni.

Kwa nini umbali humsaidia tapeli

Ukitaka kukodi nyumba Hai Malakal au Gudele, huwezi kulipa kabla ya kwenda kuiona. Utagonga lango, utamuuliza jirani, utafungua bomba uone kama maji yanatoka. Kwa nyumba iliyo Mombasa huwezi kufanya hivyo, na tapeli anajua. Anajua pia kwamba ukishagundua umedanganywa, uko mgeni, una watoto wenye njaa, na siku zako za kukaa ni chache. Huna nafasi ya kwenda na kurudi kituoni na mahakamani. Umbali ndio kitendea kazi chake. Kwa hiyo kila tunaloshauri hapa lina lengo moja, nalo ni kuufupisha umbali huo kabla fedha hazijaondoka mkononi.

Sura za ulaghai

Ya kwanza ni picha za kuazima. Tapeli huchukua picha kutoka tangazo la kweli, au kutoka tangazo la mtu aliyekuwa akiuza nyumba yake, akaziweka chini ya nambari yake ya simu. Ndivyo ilivyokuwa Nyali.

Ya pili ni nyumba ya kweli na mwenyeji wa uongo. Mtu hukodi nyumba kwa usiku mmoja au mbili, akapata ufunguo, akaitembeza kwa simu ya video, na kukusanya arbuni kutoka kwa familia nne au tano kwa tarehe zilezile. Hii ni hatari zaidi kwa sababu hata aliyeomba kuonyeshwa nyumba huridhika.

Ya tatu ni kutolewa nje ya mtandao. Mitandao mikubwa ya kukodisha nyumba huzuia fedha kwa muda, na humlipa mwenye nyumba mgeni anapokuwa amekwisha kuingia. Tapeli hutangaza humo, kisha humwambia mteja, “Tulipane kando, nikupunguzie ada.” Punguzo ni la kweli, lakini ulinzi nao umekwenda. Fedha ikilipwa kando, mtandao hauna cha kurudisha.

Ya nne ni kubadilishiwa. Unafika, unaambiwa bomba limepasuka katika nyumba uliyokodi, lakini ipo nyingine “nzuri vilevile”. Hiyo nyingine iko mbali na bahari, ni chafu, haina maji. Kwa kuwa ni usiku na watoto wamechoka, unakubali.

Ya tano huja siku ya kuondoka. Uliacha amana ya kulinda vyombo. Sasa unaambiwa kiti kilivunjika, shuka lina doa, kioo kina ufa, na amana yote imeliwa. Usipokuwa na ushahidi wa hali uliyoikuta, neno lako ni dhidi ya neno lake.

Sura zote tano zina alama zinazofanana: bei iliyo chini mno, haraka isiyo na sababu, na kukataa kuonana. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Nyumba ya ufuoni mwezi Desemba haiwezi kuwa nusu ya bei ya jirani zake, kwa kuwa huo ndio msimu ambao wageni wanaigombania. Ukitaka bei ya chini kwa haki, nenda wakati wa masika, Aprili hadi Juni, mvua zinaponyesha na wageni wakiwa wachache. Bei hushuka bila udanganyifu wowote.

Jinsi ya kuikagua nyumba ukiwa nyumbani

Hatua iliyo bora kuliko zote ni kutuma macho yako. Karibu kila familia ya Sudan Kusini ina mtu Kenya: mwanafunzi, muuguzi, dereva wa lori anayeshuka bandarini, jirani wa zamani wa Kakuma. Mwombe aende langoni mchana. Hahitaji kuwa mjuzi wa sheria. Amuulize mlinzi nyumba ni ya nani, kama hukodishwa, na kwa kupitia nani. Amuulize na mwenye duka lililo karibu. Mtumie nauli na fedha ya soda. Ni gharama ndogo mno ukiilinganisha na kodi. Kumsumbua jamaa kwa saa mbili si kosa katika desturi zetu. Kosa ni kumnyima nafasi ya kukusaidia.

Iwapo huna mtu kabisa, omba simu ya video, nawe ndiwe uongoze matembezi. Mwambie aanzie barabarani, aonyeshe lango na jina la mtaa, aingie, afungue bomba la jikoni, awashe taa, kisha atembee bila kukata simu hadi baharini. Maneno “hatua chache kutoka ufuoni” hayana maana hadi umeona hatua hizo. Zipo nyumba zilizo karibu na bahari ambazo njia ya kushukia imezibwa na kuta za majirani.

Chukua picha za tangazo uzitafute kwenye intaneti kwa kutumia picha zenyewe. Kijana yeyote mwenye simu ya kisasa anaweza kukusaidia. Picha hizohizo zikionekana chini ya majina mawili tofauti, au katika mji mwingine, acha hapo.

Uliza nyumba imesajiliwa wapi. Nchini Kenya, nyumba za kukodisha watalii huangaliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011, na biashara pia huhitaji kibali cha kaunti. Mwezi Januari 2024, baada ya wanawake wawili kuuawa katika nyumba za kukodisha za muda mfupi jijini Nairobi, serikali ya Kenya ilisisitiza kwamba wenye nyumba za aina hiyo wajisajili. Si Kenya peke yake inayoelekea huko. Nchini Hispania, tangu tarehe 1 Julai 2025, nyumba ya muda mfupi inayotangazwa mtandaoni sharti iwe na nambari ya usajili, ili mgeni na serikali wajue ni ya nani. Mwenye nyumba halali hatakasirika ukimwomba picha ya cheti chake. Atakayekasirika amekwisha kukujibu.

Mauaji yale ya Nairobi yanatupa onyo jingine, hasa kwa vijana wetu. Nyumba ya kukodi haina mapokezi wala wahudumu wanaokuona ukiingia na kutoka. Usikubali kwenda katika nyumba ya namna hiyo kukutana na mtu uliyemjua kwenye simu tu. Na popote unapolala, mwachie ndugu yako anwani kamili na jina la mwenyeji.

Andika kwanza, lipa baadaye

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kulipa hata arbuni, yapatikane maandishi, yawe mkataba wa karatasi moja au ujumbe wa simu uliokamilika. Yataje jina la mwenye nyumba au wakala kama lilivyo katika kitambulisho. Mahali nyumba ilipo na nambari yake. Tarehe na saa ya kuingia na kutoka. Idadi ya watu. Kodi yote, arbuni na amana, kila moja kwa kiasi chake. Na lini amana itarudishwa.

Uliza pia yale ambayo tangazo hunyamazia. Umeme wa nyumba nyingi Kenya hulipiwa kabla kwa tokeni: nani ananunua? Maji ni ya bomba au ya kisima? Katika mitaa mingi ya pwani maji ya kisima yana chumvi, na ya kunywa hununuliwa. Kuna vyandarua? Usafi umo katika kodi, au ni malipo ya ziada? Mambo haya ni madogo, lakini ndiyo yanayozaa ugomvi wa siku ya mwisho.

Kuhusu malipo, tunashauri yafuatayo. Lipa arbuni ndogo, na sehemu kubwa uilipe ukiwa ndani ya nyumba. Kama umeikuta nyumba kupitia mtandao wa kukodisha, malipo yote yapite humohumo. Ukituma kwa simu, tazama jina la mpokeaji linalojitokeza kabla hujathibitisha. Lisipolingana na jina la kwenye mkataba, simama. Wananchi wengi wa mpakani hutuma kupitia wakala wa fedha kibandani. Mwombe wakala akusomee jina hilo kwa sauti kabla hajabonyeza. Usikubali maelezo ya “tuma kwa nambari ya mhasibu wangu” au “ya shemeji yangu”. Hifadhi kila ujumbe wa muamala. Usiufute hata ukiwa na hasira.

Usitume picha ya pasipoti zenu kwa mtu ambaye hujamhakiki. Mwenyeji ana haki ya kuona hati zenu mnapoingia na kuandika majina yenu kitabuni, lakini hana haki ya kushikilia pasipoti kama rehani.

Hati za njiani

Kila msafiri, pamoja na mtoto mchanga, awe na pasipoti yake. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja au na shangazi abebe barua ya idhini ya wazazi na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Tunawaomba msione maswali ya maofisa kuhusu watoto kuwa ni usumbufu. Ndiyo kinga dhidi ya wanaosafirisha watoto kwa siri. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni ya lazima kwa mtu atokaye nchi yetu, nayo tangu mwaka 2016 ikishatolewa hudumu maisha yote, hivyo msikubali kuuziwa mpya kwa madai kwamba ile ya zamani imekwisha muda.

Hakikisheni pasipoti zimegongwa muhuri Nimule na Elegu, kisha Malaba au Busia. Asiyegongewa muhuri hujikuta akiogopa kwenda polisi hata anapoibiwa, na matapeli hupenda sana mtu wa namna hiyo. Anayeingia Kenya na fedha taslimu za dola 10,000 au zaidi sharti azitangaze kwa forodha. Na kwa kuwa noti za dola za miaka ya zamani hukataliwa na maduka mengi ya kubadilishia fedha, zikagueni kabla ya kuondoka.

Siku ya kufika na siku ya kuondoka

Pangeni kufika mchana. Ikiwa treni au basi litawafikisha usiku, laleni usiku wa kwanza katika nyumba ya wageni ya kawaida, muende kwenye nyumba mliyokodi asubuhi. Aliyefika mchana anaweza kukataa. Aliyefika usiku na watoto hukubali lolote.

Kabla ya kufungua mizigo, zungukeni nyumba yote pamoja na msimamizi mkipiga picha: vitanda, viti, vioo, vyombo, choo, na dosari yoyote iliyopo. Mtumieni picha hizo mwenye nyumba papo hapo. Siku ya kuondoka rudieni vivyo hivyo. Kwa dakika kumi mtakuwa mmeilinda amana yenu.

Mgeni naye ana wajibu. Mkisema mko watu sita msiingie kumi na wawili. Muziki wa usiku unaovumilika katika ua wa nyumbani huenda ukawa kero kwa jirani wa ghorofa ya chini. Wenyeji wa pwani wanathamini salamu, mavazi ya heshima mitaani na utulivu wakati wa sala. Jina jema mtakaloacha ndilo litakalomfungulia lango Msudan Kusini atakayefuata.

Neno moja kuhusu bahari. Sisi tumezoea Mto Nile, ambao maji yake huenda upande mmoja. Bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua kina kinaweza kupanda zaidi ya mita tatu. Fungu la mchanga ambalo mtoto amelifikia kwa miguu saa nne asubuhi huwa limezungukwa na maji adhuhuri. Waulizeni wavuvi au walinzi wa ufuo saa za maji, na mtoto asiingie bila mtu mzima.

Ukitapeliwa

Kwanza, usiendelee kulipa. Matapeli wengi humrudia aliyeibiwa wakimwahidi kumrudishia fedha akilipa “ada ya kurejesha”. Huo ni wizi wa pili.

Pili, piga simu mara moja kwa huduma ya fedha uliyotumia, au kwa benki. Fedha ikiwa bado haijatolewa, kuna uwezekano wa kuizuia. Kila saa inayopita huupunguza.

Tatu, ukiwa Kenya, nenda kituo cha polisi kilicho karibu, au piga 999 au 112 iwapo kuna hatari. Taarifa yako itaandikwa katika kitabu cha matukio nawe utapewa nambari, ile Wakenya waiitayo nambari ya OB. Usiondoke bila nambari hiyo. Ndiyo mlango wa kila hatua inayofuata. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai nchini Kenya, na ulaghai wa mtandaoni unashughulikiwa pia na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018. Kuwa mgeni hakukuondolei haki ya kusikilizwa.

Nne, ukiwa umekwisha kurudi, njoo kwetu. Hapa ndipo tunaporudia lile jibu alilopewa mama wa Nimule. Mwizi alikuwa ng'ambo, lakini uongo ulisikilizwa kwa simu iliyokuwa upande wetu, na fedha zilitoka mfukoni mwa raia wetu. Sudan Kusini imekuwa mwanachama wa Interpol tangu mwaka 2011, na ni mwanachama wa shirika la ushirikiano wa wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki, EAPCCO, lililoundwa mwaka 1998. Njia za kupeleka taarifa Nairobi zipo. Zinahitaji tu mwananchi aripoti, na ofisa apokee. Leta nambari za simu, ujumbe wote, picha za tangazo, risiti za muamala, na nambari ya OB ikiwa unayo. Ukijibiwa kwamba si kazi yetu, omba kumwona ofisa wa zamu, kisha mkuu wa kituo.

Hatuwezi kuahidi kwamba kila fedha itarudi. Mara nyingi hairudi, na tungekuwa tunawadanganya tukisema vinginevyo. Lakini nambari moja ya simu iliyoripotiwa na familia tatu huwa ushahidi, na pale ambapo hakuna aliyeripoti, tapeli hutangaza nyumba ileile Desemba inayofuata.

Muhtasari wa kubandika ukutani

Tuma mtu aone lango. Mwenye nyumba aonyeshe cheti. Jina la mkataba na jina la malipo yalingane. Arbuni iwe ndogo, salio lilipwe ndani ya nyumba. Usitoke nje ya mtandao. Fika mchana. Piga picha ukiingia na ukitoka. Ukiibiwa, ripoti pande zote mbili za mpaka.

Mama wa Nimule ameanza kuweka akiba tena. Safari hii mpwa wake amekwisha kwenda kutazama nyumba mbili, moja Bamburi na nyingine Mtwapa. Ile ya Bamburi mlinzi wake alisema haikodishwi. Ya Mtwapa alifunguliwa lango, akakaribishwa maji, akaonyeshwa cheti, akamtumia mama picha ya bomba likitoa maji. Arbuni bado haijatumwa. Wanasubiri mkataba uandikwe kwanza. Tunawatakia likizo njema, yeye na ninyi nyote.